Lori la Kikapu Kwenye Mteremko

Siku lori la kikapu lilipofika nyumbani kwetu Giheke, mama alichukua kamba ya kupandia miti, akaifunga kati ya nguzo ya jiko na mparachichi, akaanika nguo. Hakumwuliza mtu. Kaka yangu mkubwa, ambaye kamba ile ndiyo iliyomshika kila siku ya kazi, alicheka akasema, "Maman, hiyo ni kamba ya kazi."

Mama alikunjua shuka juu yake bila kugeuka. "Kazi yake imeisha. Sasa iko ya manguo."

Mama ni mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Akishasema jambo, limekwisha.

Kazi ya nyumba yetu ni kukata miti iliyosimama vibaya. Mkaratusi ulioinamia paa, au mti uliopasuliwa na dhoruba ukabaki umening'inia juu ya njia ya watoto wa shule. Mti wa namna hiyo hauangushwi kwa mara moja. Unapunguzwa kutoka juu, tawi kwa tawi, na mtu lazima awe huko juu. Zamani mtu huyo alikuwa papa, baba yetu, mpaka tawi alilokalia lilipopasuka, tukiwa Mibirizi. Hospitali ilikuwa karibu, ndiyo maana yuko hai, lakini nyonga yake haikurudi sawa. Anatembea kama mtu anayevuka mto akitafuta mawe ya kukanyaga.

Baada yake akapanda kaka. Mama hakuja kumtazama hata siku moja. Tukirudi jioni, alimshika kaka mabega, la kushoto kisha la kulia, ndipo akapakua chakula. Mwaka ule aliposema atauza shamba lake la upande wa Nyakabuye ili tununue lori, aliweka sharti moja tu: mtoto wake asipande mti tena. Shamba jingine hatukuwa nalo.

Lori tulilipata Bugarama, bondeni, kwa mzee mmoja aliyekuwa akilikodisha kwa watu wa kupaka rangi majengo marefu. Lilikuwa la zamani, jeupe, lina mkono wa chuma unaokunjuka mara mbili, na mwisho wa mkono kuna kikapu cha kusimama mtu mmoja na msumeno wake wa mashine. Tulikwenda na fundi wa huko huko Bugarama ambaye maisha yake yote ametengeneza mashine za bondeni.

Fundi yule alikuwa na maneno mengi, na mimi sina, kwa hiyo nilimfuata nyuma nikisikiliza.

"Ukinunua kamyo ya hivi usiangalie rangi," alisema. "Angalia bile bintu bauzaji habapendi uone."

Aliomba sabuni na brashi, akaosha viungo vyote vya mkono wa chuma, kwa sababu ufa hujificha ndani ya grisi. Alipotafuta mahali panapovuja kwenye mipira ya mafuta, alipitisha kipande cha katoni. Nilipotaka kusaidia kwa kiganja alinipiga mkono. "Mafuta ya presha inaingia mu nyama kama sindano! Unataka bakukate vidole?" Kisha tukajaza mchanga kwenye magunia, uzito wa watu wawili wazima, tukayainua ndani ya kikapu, akazima injini na kuchora alama ya chaki ukutani, usawa wa kikapu. Tukaenda kula ugali na samaki wadogo wa sambaza. Tuliporudi, kikapu kilikuwa pale pale kwenye chaki.

Mwisho aliniita mimi kwenye vishikizo vya chini, vile vinavyomwezesha mtu aliye ardhini kumshusha aliye juu hata kama injini imekufa.

"Nani atakuwa hapa?"

"Mimi," nilisema.

"Basi sikia, petit. Weye ndiye rubani. Yule wa juu ni abiria tu, mwenye msumeno."

Kaka alicheka sana. Mimi nilishusha magunia ya mchanga kwa pampu ndogo ya betri, polepole, na nilipenda. Sipendi watu wanitazame, na pale kila mtu hutazama juu.

Uwanja tuliofanyia haya yote ulikuwa wa kuanikia mpunga, tambarare kama meza. Tuliangalia kila kitu cha lori. Mahali liliposimama hakuna aliyepaangalia.

Lilipanda barabara ya kurudi kwetu vizuri, kwa gia ya kwanza, bila kuchemka. Papa aliketi mbele akipiga dashibodi kwa vidole. Gari linaloweza kupanda mlima, tulidhani, litaweza kufanya kazi mlimani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja, mahali pa kuchezea mpira. Tulifungua miguu minne ya chuma, tukaweka mbao nene chini ya kila mguu, tukainua lori mpaka magurudumu yakawa mepesi. Juu ya boneti nililaza chupa ya maji iliyojaa nusu, nijue kama lori limelala upande wowote. Kaka alifunga mkanda wake kwenye mkono wa lori, si kwenye mti, kama tulivyofundishwa, akapanda. Siku hiyo mama alikuja. Ndiyo siku ya pekee aliyokuja.

"Maman!" kaka alipiga kelele kutoka juu. "Ninaona Kongo yote! Ninaona ndugu zako banakula!"

"Usivuke bila jeton!" mama alimjibu, na wanawake waliokuwa naye, ambao kama yeye huvuka mpaka kila siku na ile karatasi ya ruhusa, walicheka mpaka wakashikana. Sijamwona mama akicheka hivyo tena.

Kazi ya pili ilikuwa kwa bibi mmoja mjane, nusu saa kutoka kwetu. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umeegemea upande wa nyumba yake, na mizizi ya juu imeanza kutoka ardhini. "Upepo ikikuja, silale," alituambia. "Ninakaa ku kiti, ninausikiliza."

Tulifungua miguu ya lori kwenye mteremko ule. Miguu ya upande wa chini ilitoka mpaka mwisho, na bado maji ya chupa yalikuwa yamekimbilia pembeni. Nilipogusa kishikizo, kengele ya lori ililia, na mkono haukuinuka. Tulisogea mbele, ikalia. Tulisogea nyuma, ikalia. Watu wa mlima mzima walitoka.

"Hata mbuzi yangu inasimamaka hapa," mwanamume mmoja alisema, "na haipigi kelele!"

"Mumupe maziwa, pengine atanyamaza!"

Kaka alimpigia simu fundi wa Bugarama akaweka sauti juu ili papa asikie.

"Kengele inalia sababu kamyo imelala upande," fundi alisema. "Hapo hamuko ku tambarare?"

"Fundi, tuko Giheke."

"Ile kengele ni waya mbili tu. Mukikata, itainuka."

"Hapana," nilisema. Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyotaka, na watu wakanigeukia. "Itainuka, kisha itaanguka. Sishiki vishikizo bila kengele."

Kaka alinitazama, akamtazama papa. Papa akasema tusiikate. Kisha akatazama mteremko kwa muda, na uso wake ukafunguka.

"Si tunajua kulima ngazi?" alisema.

Milima yetu yote imekatwa ngazi. Papa amechimba ngazi za mashamba tangu alipokuwa kijana, kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, na kwa kazi ya kulipwa, na hakuna mtu kwetu asiyejua: unachimba upande wa juu, unamwaga udongo upande wa chini, unashindilia, unapata sakafu. Papa aliketi juu ya kisiki akaelekeza kwa fimbo. Wale wale waliotucheka walileta majembe. Siku ya pili jioni ngazi ilikuwa tayari, nzuri, ukingo wake umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Asubuhi tuliingiza lori, tukaweka mbao, tukashusha miguu. Maji ya chupa yalisimama katikati. Kengele ilinyamaza. Watu walipiga makofi.

Sikuona kosa, na papa hakuliona, kwa sababu ngazi zake hazijawahi kuanguka. Lakini ngazi zake zilibeba maharage na mihogo. Miguu miwili ya lori ilikuwa kwenye ardhi ya mlima wenyewe, ngumu. Ile miwili mingine ilikuwa juu ya udongo tuliomwaga jana yake.

Kaka alikata matawi ya kwanza vizuri. Nilikuwa nimemnyooshea mkono wa lori mbali, upande wa bondeni, akitafuta kilele, nilipoona maji ya chupa yanatembea. Hayakukimbia. Yalitembea. Niliangalia mguu wa nyuma: ubao ulikuwa umezama, udongo mwekundu ukipanda juu yake bila sauti yoyote. Ndipo kengele ikalia.

"Teremusha!" kaka alipiga kelele. "Teremusha mie!"

Ukimshusha moja kwa moja, uzito wote unabaki upande wa bondeni. Kwanza unakunja mkono, unaleta kikapu karibu, unakigeuza upande wa mlima, ndipo unashusha. Nilifanya hivyo. Ilikuwa kazi ya polepole, na mashine ile haina haraka hata ukilia. Kaka aliacha kupiga kelele. Alizima msumeno, akachuchumaa ndani ya kikapu, akanitazama mimi tu. Kikapu kilipogusa shamba la maharage la bibi, alifungua mkanda akatoka kwa magoti.

Lori halikupinduka. Gurudumu moja lilibaki hewani, likizunguka kidogo. Papa alikuwa bado kwenye kisiki, fimbo mkononi, akiangalia ukingo wa ngazi uliobomoka. Hakuna aliyecheka.

Ilichukua lori jingine na vijana wengi kulitoa pale. Wiki iliyofuata tulilirudisha Bugarama kumwomba yule mzee alinunue tena. Papa alivaa koti. Alisema hata kama bei ni ya chini, tutashukuru.

Mzee yule alituletea viti na soda. Hakuwa mtu mbaya.

"Mzee mwenzangu," alimwambia papa, "angalia hapa. Tambarare iko, lakini miti iko wapi? Kuko mpunga tu. Kule kwenu miti iko, tambarare iko wapi? Na wale ba rangi bakamaliza majengo yao. Ulizani nilikuwa ninauza juu ya nini?"

Papa alikunywa soda yake mpaka mwisho, kwa heshima, kisha tukarudi.

Tulijaribu Kamembe, mjini, ambako kuna barabara zilizosawazishwa. Miti ya huko karibu yote imeshikana na nyaya za umeme, na fundi alikuwa ametuonya kwamba kikapu chetu hakizuii umeme. Kazi hiyo ina watu wake na magari yao. Mara chache tulipata ua wa mtu ulio sawa. Sasa lori liko nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi ninaliwasha, ninainua mkono, ninaushusha, ili mipira isikauke. Kuku wanalala chini yake. Watu wawili wamekuja kulitazama, na wote wawili, kabla ya kuuliza bei, walitazama mlima.

Bibi alituma mtu mara tatu. Mkaratusi wake ulikuwa hatari kuliko mwanzo, kwa sababu tulipunguza matawi ya upande wa mlima tu, na sasa uzito wote ulikuwa upande wa paa.

Asubuhi moja kaka alitoka na msumeno begani akasimama uani. Nguo zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Mama alimwona kutoka mlangoni. Nilifikiri atapiga kelele, atalia, atamkumbusha shamba la Nyakabuye. Alikwenda kwenye kamba akatoa nguo moja moja, akazitandaza juu ya ua wa miti, kisha akafungua fundo la mparachichi na fundo la nguzo ya jiko. Mafundo yalikuwa yamekaza, alitumia meno. Akaikunja kamba, akampa.

"Iko na nguvu bado?" aliuliza.

Kaka aliivuta kwa uzito wake wote. "Iko."

Mimi ndiye niliyeibeba njiani. Ilikuwa imekaa juani na mvuani miezi yote ile, na rangi yake ya buluu ilikuwa imekuwa ya majivu. Kila nilipoipitisha kiganjani iliacha unga mwembamba, kama unga wa muhogo. Chini ya mti wa bibi nilimwonyesha kaka mkono wangu.

"Ninaona," alisema.

"Tununue nyingine kwanza."

"Na pesa gani?"

Kaka akafunga ule mkanda wa lori kiunoni, ndicho kitu kizuri tulichobaki nacho, akaupachika kwenye kamba ile, akaanza kupanda. Aliumaliza mti wa bibi siku hiyo. Baada ya huo kulikuwa na mwingine, na leo kuna mwingine. Mimi niko chini, nimeshika mwisho wa kamba. Hapa hakuna kishikizo cha kumshusha mtu. Jioni mama anamshika mabega, la kushoto kisha la kulia, na anapakua chakula bila kuuliza tumetoka wapi.