Kiatu Cheupe cha Prachuap

Kwao Trang, kusini mwa Thailand, okidi ile huitwa kiatu cha bibi. Ni mmea mfupi usio na makuu, majani yake yana mabaka kama ngozi ya chatu, na ua lake jeupe limebeba kijifuko mbele mfano wa ncha ya ndara. Sangwian alikuwa nazo nyingi nyuma ya nyumba, chini ya wavu wa kivuli. Nusu hazikuwa zake. Zilikuwa za mumewe, Prachuap.

Waligawana tangu zingali miche, enzi ambazo wote wawili waligema mpira na kurudi nyumbani asubuhi mikono ikinuka utomvu. Kila msimu, ua la kwanza la mke na la kwanza la mume huwekwa mezani barazani, yakalinganishwa. Lipi limeviringa zaidi? Lipi jeupe lisilo na waa? Petali za lipi zimelala bila kujikunja? Aliyeshindwa hupika kahawa mpaka msimu uishe. Prachuap alikuwa fundi wa kahawa, maana alishindwa mara nyingi, na majirani walisema hujitakia.

Okidi hii ina mwiko mmoja: kikonyo kikishatoka, chungu hakigeuzwi. Tumba hufuata mwanga. Ukilizungusha leo na kesho, hupinda shingo na kuchanua likitazama kando, na ua la namna hiyo waamuzi wa mashindano hulipita kama hawakuliona. Prachuap mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi ya kupaka tone la chokaa ubavuni mwa chungu, upande wa mashariki, ili mtu akikisogeza akirudishe kama kilivyokuwa.

Mwaka huo, okidi yake aliyoipenda kuliko zote ilitoa tumba. Miaka mingi ilikuwa imekaa tu, ikala mbolea na kunyamaza, hadi rafiki yao Buntham, muuza nguruwe wa kuchoma sokoni na mfuga okidi pia, akashauri watupiwe kuku waidonoe. Sasa Prachuap alitaka kuipeleka kwenye maonyesho ya uwanja wa hekalu. Alilitaja tumba lile wakati wa kula na wakati wa kuoga.

Asubuhi moja Sangwian akakuta tone la chokaa limetazama ukuta. Akakirudisha chungu. Kesho yake tone limetazama kisimani. Buntham alipofika, akamvaa palepale mlangoni.

"Buntham, unashikashika vyungu vya watu?"

"Mimi, shemeji? Nikitaka kumshinda kaka sina haja ya hila. Namngoja tu azizamishe okidi zake kwa maji, kama anavyozamisha wali kwa mchuzi."

"Kuna mtu anakigeuza."

"Muulize paka wako. Ana uso wa mhalifu."

Hakuwa paka. Siku iliyofuata Sangwian aliwahi kuamka, akasimama nyuma ya mtungi wa maji. Prachuap alikuja akipapasa ukingo wa kichanja. Akakiinua chungu kwa mikono miwili, akakileta hadi puani, akakielekeza kwenye mwanga, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha kidole gumba kikaanza kutafuta tone la chokaa. Kikaangukia uvimbe wa kuvumwani, ukungu mgumu ulioota chunguni, kikatosheka. Akauelekeza uvimbe ule mashariki, akaenda zake.

Sangwian akabaki pale na kata mkononi. Sasa alielewa kwa nini mzee ameacha kusoma gazeti, eti habari zote ni uongo. Mtoto wa jicho huondolewa hospitalini, hilo kila mtu pale kijijini alilijua, lakini usichelewe mno. Ila Prachuap alimuuguza baba yake hadi akafa kipofu, na hakutaka neno hilo litajwe ndani ya nyumba. Kumwambia ni kumvua nguo. Kunyamaza ni kuyaacha macho yazime.

Akanyamaza, lakini hakukirudisha tena chungu.

Ua likachanua limepinda shingo. Siku ya kulinganisha, Sangwian aliweka mezani patongko za moto, vile vipande vya unga vya kukaanga, akapanga maua mawili, kisha akaivuta meza mpaka lile lililopinda likatazama kiti cha mumewe, uso kwa uso, mahali penye mwanga mwingi. Buntham alikuja kuwa shahidi, yaani kula.

Prachuap akainama hadi pua ikakaribia petali.

"Jeupe," alisema taratibu. "Tena limeviringa, Mama. Tazama lilivyoviringa." Akalizunguka kwa vidole. "Lakini shingo imepinda. Chungu hiki kimegeuzwa."

Akapapasa kutafuta tone. Safari hii alilipata, upande asioutarajia. Buntham alifungua mdomo. Sangwian akamkazia macho, naye akaujaza patongko.

"Nimekigeuza mimi," Prachuap alisema. "Nilikuwa nakileta karibu."

"Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuona umekibeba kama mtoto mchanga."

Prachuap alipangusa pua, akainuka. "Basi umeshinda. Ngoja nikapike kahawa."

Kutoka jikoni vikombe viligongana, kifuniko kikaanguka na kuviringika. Buntham akataka kunyanyuka. Sangwian akamshika mkono, akamkalisha.

"Mama," sauti ikatoka jikoni. "Jumatatu utanisindikiza?"

"Wapi?"

"Usinifanye nipataje mbele ya Buntham."

"Mimi sisikii kitu, kaka," Buntham akasema. "Endelea tu."

Kahawa ikaja, nusu yake iko sahanini. Sangwian aliimimina kikombeni, akanywa yote. Prachuap alikaa mbele ya ua lake, mikono magotini, kama mgeni anayeogopa kugusa vitu vya watu.

"Kishike chungu," mkewe akamwambia. "Ua likishafunguka halina mwiko tena. Kisogeze unavyotaka."