Udongo Mikononi, Kasoro Damuni

Siku yangu ya kwanza katika banda la mbwa wa ulinzi, Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, Bwana Meneja hakuniuliza jina. Aliniuliza kama naogopa mbwa. Nikamjibu naogopa njaa. Nilikuwa na mtoto mchanga na cheti cha sekondari ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, basi nikapewa vijibwa nivilee.

Nyinyi mtakaoifanya kazi hii, jueni: kijibwa hupata kinga ya kwanza katika dang'a, yale maziwa mazito ya mama akishazaa. Ikiisha, mwili hujitengenezea yake. Vijibwa vya Leidi, jike la fahari la Meneja, vilinona vikinyonya. Vikiachishwa tu, usaha masikioni, kifua kinajaa, vinakufa. Penisilini ilivituliza, ikikoma maradhi yanarudi.

"Leidi na dume lake ni ndugu tumbo moja," alininong'oneza Mzee Kazungu, mpishi wa mbwa. "Kwetu harusi hiyo ingekosa wageni."

Meneja alitafuta wa kulaumu, akaniona bombani. Mate ya mbwa yakinigusa, mimi Mwislamu huosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo nimnyonyeshe mwanangu.

"Kumbe wewe! Udongo huo ndio unaua watoto wangu! Kuanzia leo, sabuni tu!"

"Bwana, nanawa nikitoka, si nikiingia."

"Usinijibu!"

Daktari wa Mifugo alipokuja alimwambia mbele yetu: "Mama huyu huyu ndiye anayelea watoto wa jike mwingine wa banda hili, yule mweusi, nao wazima. Hii ni kasoro ya kuzaliwa. Miili yao haiwezi kujikinga. Usimzalishe Leidi tena."

Meneja akacheka. Leidi alikuwa na vikombe vya maonyesho! Alipopata joto tena, akapandishwa na ndugu yake yule yule. Mimi nikaambiwa nichague: sabuni au mlango.

Wallahi, nilinawa kwa udongo mbele yake, taratibu, kisha nikaenda kwa mwanangu. Ndivyo nilivyostaafu, hata mvi sina.

Uhuru umekuja, Meneja kaenda kwao, hasira zangu zingali hapa. Mkiajiriwa kulea, ulizeni kwanza nani kazaa na nani. Maana mlezi aliyenirithi alinawa kwa sabuni tupu, na vijibwa vilipokufa, Meneja alimfukuza kwa sababu ya sabuni.