Nani Amezimenya Mbaazi Hizi?

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo. Nimeona nikusimulie kwa sababu juzi nilikuja kwako mtaa wa Dallas, hapo Embu mjini, ukafungua kabati la jikoni nikaona mikebe imepangwa kutoka chini mpaka juu. Maharagwe ya mkebe, samaki wa mkebe, hata mahindi, na sisi huku tunayatupia ng'ombe! Nilivuta kiti nikaketi. Ulidhani nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimemkumbuka mama yangu, nyanya yako ambaye hukuwahi kumwona.

Nilikuwa mwalimu kijana, ndiyo kwanza nimeajiriwa, mama aliposhikwa na ugonjwa. Kwetu unapajua, kule chini ya Runyenjes ambako kahawa inaishia na joto la Mbeere linaanza. Mama aliacha kula. Si ubishi, jamani, chakula chenyewe kilimkataa. Uji alirudisha, ndizi alirudisha, na supu ya kuku hata kuinusa hakutaka. Daktari akatuambia dawa zake ni kali, haziwezi kuingia kwenye tumbo tupu, kwa hiyo tumpe chochote atakachotamani. Kila asubuhi nikawa namwuliza, "Mama, unatamani nini?" Ananitazama tu. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba nalia, kisha nanawa uso narudi.

Halafu asubuhi moja akasema, "Mbaazi. Zile mbichi, za kijani."

Loo! Na mibaazi ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Afadhali angeniomba maziwa ya chui. Nilizunguka soko lote la Runyenjes nikiuliza kila mama aliyeketi nyuma ya gunia, wakanicheka. "Mwalimu mzima hujui majira?" Kulikuwa na mbaazi kavu peke yake.

Kaka yangu Njeru, aliyekuwa akifanya kazi Embu, ndiye aliyezipata. Alikuja na mkebe kutoka duka moja la mjini, na kwa ndani mbaazi zilikuwa za kijani kweli. Nusura nimrukie shingoni. Nilizisuuza yale maji ya chumvi, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikatia viazi. Harufu ilipofika chumbani, mama akainuka mwenyewe akaketi kitandani. Nikampakulia, nikaketi na Njeru kitandani kwake. Mama akafumba macho ili aombee chakula.

Sasa hapa lazima nikueleze. Kumenya mbaazi mbichi ni kazi ya kuchosha, vidole vinanata na sahani haijai. Sisi watoto tulikuwa tunaitoroka. Basi baba yetu alibuni dawa yake: akiombea chakula, anamtajia Mungu jina la aliyemenya. Kama ulijificha, siku hiyo Mungu hakukusikia ukitajwa, na nyumba nzima imejua. Baba alipofariki, mama akaendelea na desturi hiyo.

"Asante Baba kwa mvua," mama akaomba, "na kwa shamba, na kwa mikono ya..." Akafungua macho. "Nani amezimenya?"

"Zimetoka dukani, Mama," Njeru akasema. "Ni za mkebe."

"Kwani mimi ni mtoto? Naona ni za mkebe. Nauliza, nani amezimenya?"

"Hatumjui, Mama."

Nilijua atasukuma sahani, na dawa zitakaa tena mezani. Lakini alifumba macho mara ya pili. "Basi Baba, wewe unamjua. Mbariki." Akachukua kijiko.

Alikula, mwanangu! Si nyingi, lakini alikula, na dawa zikaingia. Nilipokuja kuondoa sahani alinishika mkono. "Zilikuwa nzuri," akaniambia. "Lakini nimekula peke yangu." Na sisi tulikuwa tumeketi pale pale kitandani kwake.

Njeru alileta mikebe mingine, na mama akapata nafuu ya kuweza kutoka nje kuota jua. Kwa hilo sitaudharau mkebe mpaka naingia kaburini. Ila msimu haukumkuta. Mbaazi zilipokomaa alikuwa ametuacha. Tulizimenya mimi na Njeru, hakuna aliyetoroka, na Njeru alipofika pale pa kulitaja jina langu katika sala sauti ilimkatika. Nawe usinicheke, mtu mzima mwenye wajukuu, lakini bado namlilia mama yangu. Msimu ukifika nazimenya, na ninatamani mtu wa kumwambia Mungu kwamba ni mimi.

Kwa hiyo sikwambii utupe mikebe yako. Unarudi kazini umechoka, watoto wanalia njaa, mkebe umekungoja bila kuoza, na ukame ukija utakushukuru. Suuza tu ile chumvi, ukiona umevimba usiufungue hata kama inakuuma kuutupa, na mabaki usiyaache ndani yake. Wala usidanganyike kwamba kila kibichi ni kizima. Nyanya zingine za sokoni zimepigwa dawa jana na leo ziko kwenye kikapu chako. Uliza, osha, na ule mapema kabla hazijaoza.

Lakini Jumapili, tafadhali, nunua mbaazi zikiwa na maganda yake. Zile za kwenye mifuko zilizomenywa tayari waachie wenye haraka. Weka sinia katikati ya sebule, waite wanao, hata huyo asiyetoka kwenye simu. Watanung'unika. Waache wanung'unike huku wakimenya, na mkiomba uwataje mmoja mmoja.

Mungu abariki sufuria yako, mwanangu. Akujalie chakula mpaka uzeeni, na akujalie wa kula naye.