Verlyn Haugen na Ruta Zisizokumbuka Kitu

Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, ukikubali chakula mara ya kwanza unapokaribishwa, utasemwa mpaka kanisani. Mwenyeji anakukaribisha, unasema usijisumbue. Anakukaribisha tena, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Mara ya tatu ndipo unasema, basi, kidogo tu, kisha unakula kama mtu aliyetoka jela. Ofisini, kipande cha mwisho cha keki hakina mwenyewe. Kila anayepita hukata nusu na kuacha nusu, hata jioni mfagizi akute punje ya kumtosha siafu mmoja.

Katika adabu hizi sijaona mtu aliyemfikia Verlyn Haugen. Ni binamu ya mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Krismasi moja alikaa sebuleni kwangu na koti lake zito mpaka jasho likamtiririka, kwa sababu nilimwambia mara mbili tu alivue, kisha nikaenda kutazama nyama jikoni.

Kazi yake ilikuwa mtandao wa kaunti yetu. Zahanati, maktaba, kituo cha polisi, gereji ya magari ya kuzoa theluji, kila jengo lilikuwa na ruta, kile kisanduku kinachoonyesha data ipite wapi. Kwingine kila ruta hutunza programu na mipangilio yake yenyewe. Verlyn hakutaka kusikia hayo.

"Kila kisanduku kiwe na akili yake, mimi nikimbie jengo hadi jengo mpaka lini?" alikuwa akiniambia.

Basi akaweka kila kitu kwenye seva moja, chini ya jengo la mahakama. Ruta ikiwashwa iliamka haijui lolote, hata jina lake, ikapiga kelele kwenye waya: mimi nani? Seva ikaijibu: wewe ni wa maktaba, programu yako hii, mipangilio yako hii, nenda kazini. Verlyn akitaka kubadili jambo, alibadili kwenye seva bila kuinuka kitini, akaiamuru ruta izime na kuwaka upya. Hata ruta kuu, iliyokaa rafu moja na seva, aliifuta kumbukumbu zote. Alijivuna kama mtu aliyewafundisha mbuzi kupanga foleni.

Na seva yenyewe je, anwani yake ya mtandaoni iliipata wapi? Kwa ruta kuu. Hata wewe usiye fundi umeshaliona tatizo. Verlyn hakuliona, maana miaka yote hiyo vitu hivyo viwili havikuwahi kuzimika kwa pamoja.

Aliyeliona ni Idalia Cantú, fundi mwenzake aliyehamia kwetu kutoka Laredo, kule Texas, ambako watu wakihisi njaa husema wana njaa.

"Mzee, hivi viwili vikizimika pamoja, kila kimoja kitamngoja mwenzake. Nikuwekee nakala ya mipangilio ndani ya ruta kuu?"

"Aa, usijisumbue, mwanangu."

"Si usumbufu, ni kazi ndogo. Niweke?"

"Hapana, una mengi ya kufanya. Tuko sawa tu."

"Haya," Idalia akasema, akaenda zake.

Wakati wa kahawa Verlyn alinijia dirishani kwangu, juu katika jengo hilohilo la mahakama, ninapotoa leseni za magari, uso umemshuka.

"Bev, nilikuwa namngoja yule binti."

"Umngoje afanye nini?"

"Aulize tena!"

"Verlyn, kwao hapana ni hapana!"

"Hata kwenye mambo ya ukarimu?" aliuliza, kwa huruma ya kweli, kana kwamba nimemwambia watu wa Texas hawazikani.

Je, alimfuata akamwambia amebadili mawazo? Thubutu. Mficha uchi hazai, na Verlyn alificha mpaka hamu ya kahawa.

Januari ikaja mvua ya barafu. Umeme ukakatika asubuhi, betri za akiba nazo zikaisha. Mkosi ulichagua siku: alasiri hiyo halmashauri ya kaunti ilikuwa iketi kuamua kama Verlyn, aliyekwisha fikia umri wa kustaafu, aendelee na kazi. Alitaka kuendelea, tena alitaka sana. Nyumbani kulikuwa na televisheni na shemeji yake aliyekuja kutembea miaka iliyopita akasahau kuondoka. Sote tulijua anachotaka, ingawa hakumwambia mtu.

Umeme uliporudi, ruta kuu ikauliza: mimi nani? Seva nayo ikauliza: anwani yangu ipi? Zikabaki zinaulizana hapo rafuni kama wazee wawili waliopotezeana miwani. Zahanati ikakosa mafaili ya wagonjwa. Dirishani kwangu foleni ya madereva wenye barafu ndevuni ilifika mlangoni. Nilifunga dirisha, nikashuka chini kwenye seva.

Nilimkuta Orrin Tveit, mwenyekiti wa halmashauri, ameshika simu inayomfokea.

"Verlyn, mambo vipi huku?"

"Si mabaya sana," akajibu Verlyn, akichomoa waya na kuurudisha palepale.

Idalia akaingia mbio, kompyuta kwapani. "Mzee, nakala ninayo humu, niliiweka kwangu. Niiingize?"

Verlyn akafungua mdomo. Niliiona *usijisumbue* inakuja kama unavyoiona chafya ya mtu. Nikamkanyaga mguu.

"Ndi... ndiyo," akasema, mwekundu mpaka masikioni.

Idalia akachomeka waya. Ruta kuu ikajitambua, ikaipa seva anwani, na majengo yakaanza kuuliza na kujibiwa, moja baada ya jingine.

"Kumbe mtu hafi," Verlyn akaninong'oneza. Nilifurahi. Nilidhani tumempata mtu mpya.

Alasiri nikakaa nyuma kabisa ya ukumbi, mbali na mguu wake.

"Verlyn," Orrin akasema, "tungependa uendelee nasi, kama utapenda."

"Aa, msijisumbue. Tafuteni damu changa."

Nikashika kiti.

"Una hakika? Kazi yako tunaithamini."

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

Orrin alizaliwa shamba la tatu kutoka kwa kina Verlyn. Anajua kuhesabu mpaka tatu kama sisi sote. Alimtazama, akatabasamu tabasamu tamu kabisa.

"Basi, tunaheshimu uamuzi wako."

Watu wakapiga makofi. Idalia alipoulizwa kama atashika nafasi hiyo, alisema ndiyo kabla swali halijaisha, na sikuweza kumlaumu. Niliyemchukia alikuwa Orrin, na yule mjinga wangu aliyesimama anapiga makofi pamoja na wengine.

Nje, kwenye ngazi, Verlyn alikuwa akifunga vifungo vya koti.

"Labda kesho atauliza tena," akasema.

Machozi yalinitoka, nikasingizia baridi. "Twende kwangu ukale chakula cha jioni."

"Aa, Bev, usijisumbue."

Nikamshika mkono, nikamwingiza garini bila kumuuliza tena.