Xavérine na Umuganda wa Komunike

Xavérine Gahongayire alikuwa mfupi kiasi kwamba akisimama nyuma ya meza ya kantini kuhutubia, wageni walidhani sauti ile inatoka redioni. Wenyeji hatukudanganyika. Redio ya mwaka ule wa 1992 ilikuwa na kazi ya kututisha. Xavérine alikuchekesha kwanza, halafu akakupa kazi, na ulipokuja kushtuka ulikuwa umeshakunja mikono ya shati.

Chuo chetu kilikuwa kwenye mteremko wa Gikondo, Kigali, kimebanwa kati ya gereji na maghala, kikifundisha uhasibu na ukatibu kwa vijana ambao wote walipanga kuwa mawaziri. Nasema "chetu" kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa nimeshaachana na masomo, au masomo yameachana nami, ila kantini haikuwahi kunifukuza. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na kila chama kilikuwa na kofia yake ya rangi, hata kofia zikawa nyingi kuliko vichwa vya kuzivaa. Watu waliokopeshana sabuni mwaka uliopita sasa walisalimiana kwa kutazama kofia kwanza.

Xavérine hakuwa na kofia. Alikuwa na chaki. Yeye ndiye katibu wa habari wa kamati ya wanafunzi, na ufalme wake ulikuwa ubao mweusi mlangoni pa kantini, wenye kichwa kimoja tu: YANAYOKUJA. Hapo ndipo tulijua mpira ni lini, misa ni lini, na nani anagombana na nani kwa jina la mjadala. "Jumatano," aliandika siku moja, "mjadala: Je, demokrasia inaliwa? Mtoa mada ni mwalimu wa takwimu, akijaliwa kutopata homa ya ghafla." Mwalimu alipata homa ya ghafla. Ukumbi ulijaa vilevile, watu wamekuja kuangalia kama homa ni ya kweli.

Upande wa pili alikuwapo mkurugenzi wa chuo, ambaye sote tulimwita Komunike. Jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika. Mtu huyu hakuweza kukohoa bila kutoa komunike, yaani tangazo rasmi, imepigwa taipu na kugongwa muhuri, na aliwahi kutoa moja ya kukanusha nyingine aliyoitoa asubuhi yake. Mwezi Machi, mvua zikiwa zimekaribia, akabandika hii: kutokana na maji yanayohatarisha afya ya mabinti, bweni la wasichana litafungwa likizo ya Pasaka itakapoanza, na litabaki limefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Kuhusu maji alisema kweli. Bweni lile lilikuwa ghala la kahawa zamani, na ukuta wake ulinuka kahawa hadi kwenye mashuka. Mfereji uliopita nyuma yake ulikuwa umezibwa na udongo na vyuma vya gereji, basi kila mvua kubwa ilishuka kilimani na kuingia kwa mlango wa nyuma kama mwenye nyumba. Wasichana walipandisha masanduku vitandani na kungoja mvua iishe. Lakini Gaudiose, aliyelala kitanda cha jirani na Xavérine, alikuwa amemwona mfanyabiashara mmoja wa bia, mwenye kutafuta ghala, akipima ukuta kwa futi, huku Komunike akimshikia ncha ya pili.

"Kumbe maji yale yana ubaguzi," Xavérine akasema. "Yanadhuru msichana, bia yanaiacha."

Alicheka, lakini Gaudiose aliniambia kwamba siku ile hakumaliza chakula chake. Ilikuwa hivi: baba yake Xavérine, katekista wa Kibungo, alimruhusu kusoma Kigali kwa sharti moja, kwamba atalala bwenini. Vita vilikuwa kaskazini, vizuizi vilikuwa barabarani, na chumba cha kupanga mjini, kwa katekista, kilikuwa mlango wa jehanamu wenye ufunguo. Bweni likifungwa, Xavérine angerudi Kibungo na muhula mmoja tu ukiwa umebaki apate cheti chake, na huko nyumbani kulikuwa na mwalimu mjane ambaye tayari alishaanza kumsalimia mama yake kwa heshima isiyo ya kawaida. Wengi wa wenzake walikuwa katika hali hiyohiyo, wajane tu ndio tofauti.

Kwa hiyo akaandika ubaoni: "Jumamosi saa nne, mkutano wa wanafunzi wote. Ajenda: bweni."

Kesho yake komunike ikabandikwa kando yake. Jumamosi saa nne, umuganda kwa wanafunzi wote, kila mtu na jembe lake, asiyefika asifike tena.

Umuganda, kwa asiyeujua, ni ile kazi ya pamoja ya lazima tuliyokua nayo sote: unaamka, unashika jembe, unalimia taifa, halafu unasimama kusikiliza hotuba. Mwaka ule umuganda ulikuwa unakufa. Wapinzani walisema ni utumwa, na mashamba mengi ya taifa yalibaki na magugu ya vyama vingi. Komunike peke yake aliukumbatia bado, kwa sababu alikuwa amegundua matumizi yake mapya. Xavérine alipohamishia mkutano Jumamosi iliyofuata, umuganda nao ukahama. Alipoupeleka Jumatano jioni, Komunike akagundua kwamba majani ya chuo huota vibaya sana Jumatano jioni.

Anicet, mwenyekiti wa kamati, kijana mrefu mwenye kofia na ndevu za kimapinduzi zilizokuwa bado zinajadiliana kama ziote, akapiga meza ya kantini. "Tunasusa! Hakuna kwenda umuganda! Jembe ni nira ya utawala wa zamani!"

Watu wakashangilia. Xavérine akapanda juu ya kreti ili aonekane.

"Mimi nitakwenda," akasema.

Mmoja akamgeukia.

"We dada, unaumwa?"

"Sikilizeni. Sisi tunatafuta nini? Tunataka wanafunzi wote mahali pamoja. Komunike anatuletea, tena kwa lazima. Tunataka wakubwa wasikie. Kwenye umuganda wakubwa huja, maana kuna hotuba. Tunataka tusikamatwe kwa mkusanyiko bila kibali. Nani amewahi kukamatwa kwa kulima?"

"Amekununua kwa kitu gani?" Anicet akauliza. "Bia ya yule rafiki yake?"

"Angeninunua kwa bia ningekuwa nimelala, nisikusikie. Ombi langu lingine ni moja. Siku hiyo kofia mziache kitandani."

Hapo ndipo alipopoteza nusu ya kantini. Jembe wangelisamehe. Kofia, hapana. Mmoja akamwita kibaraka, na mwingine, aliyekuwa anamtongoza tangu mwaka wa kwanza bila mafanikio, akamwita kibaraka mara mbili.

Yeye akashuka kwenye kreti, akajifuta chaki kwenye sketi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Komunike. Yaliyosemwa humo tuliyapata kwa Gaudiose, aliyesindikiza kama shahidi na akasimama karibu na mlango ili akimbie vizuri.

"Bwana Mkurugenzi, sisi wasichana tunauunga mkono umuganda wako."

Komunike akavua miwani. "Hatimaye! Binti mwenye malezi. Baba yako ni nani?"

"Katekista, Bwana Mkurugenzi. Lakini itakuwa hasara kazi yote hiyo isione mtu wa wizara. Wanasema umuganda umekufa, na kumbe kwako uko hai."

Anasema Gaudiose kwamba mkono wa mzee ulifika kwenye simu kabla sentensi haijaisha. Mgeni wa wizara akakubali kuja, ila Jumamosi, na umuganda ukahama tena. Komunike akang'aa. Akapanga kwa sauti: wavulana watafyeka majani mbele ya ofisi, mgeni atakaposhukia.

"Na sisi, Bwana Mkurugenzi?"

"Nyinyi msafishe kule mnakolala. Msichana huanzia kitandani kwake."

"Nyuma ya bweni pia?"

"Kila mahali, mwanangu! Kila mahali!"

"Asante. Utatuwekea kwenye komunike, watu wasije wakasema tumejiamulia?"

Akaiweka. Akaigonga muhuri mara mbili, ya pili kwa furaha tu.

Jumamosi ilipofika, wasichana walikwenda nyuma ya bweni na majembe, sketi zimekunjwa, Xavérine mbele na buti za mvua zilizomfika magotini. Wavulana nao walifika chuoni, maana komunike ni komunike, ila hawakufyeka hata jani. Walikaa juu ya ukuta wa mawe, mikono kifuani, kofia zote vichwani, wakitazama kama watu waliolipia kiingilio. Mimi nilikaa nao, kwa kuwa kutokuwa mwanafunzi kulinipa haki ya kutofanya kazi.

"Chimbeni, mama zangu!" Anicet akapaza sauti. "Chimbeni nira yenu!"

Udongo ulikuwa mgumu na vyuma vilikuwa vimeota mizizi. Wasichana walifungua mfereji kidogo kidogo, wakafika mahali mhimili mzima wa lori ulipozikwa, wakakwama. Wakavuta. Ukutani watu wakacheka. Nilimwona Xavérine akitazama juu, si kwa Anicet, bali kule angani, ambako mawingu yalikuwa yanakuja kwa ahadi zote za Machi. Kisha akatupa jembe, akashuka hadi gereji ya chini, ya bwana mmoja aitwaye Maneno, fundi Mwislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani.

"Maneno, ule mhimili ni wako?"

"Iko yangu, dada. Ya zamani. Mimi nilitupa tu."

"Basi kila mvua maji yanaanzia kwenye mhimili wako, yanapita kwangu, yanakwenda wapi?"

Maneno akafikiri. Akageuka akatazama chumba chake, ambacho kilikuwa na alama ya tope ukutani. "Yesu na Maria," akasema, na kwa Mwislamu hiyo ilikuwa dalili ya hali mbaya. "Iko inaingia kwangu."

Akapanda na mafundi wake, mnyororo, na jeki. Nyuma yao wakaja majirani wenye alama za tope kwenye kuta zao. Mhimili ukatoka kama jino. Mafundi wakaingia mferejini, na hapo ukutani mikono ikaanza kuwasha watu. Hakuna kijana wa Rwanda asiyejua kuchimba mfereji wa kuzuia maji. Tulichimba tangu shule ya msingi, kila kilima kina mshono wetu. Kukaa tu huku jembe la mwenzako linakwenda mrama kunauma kama kumsikiliza mtu anayeimba nje ya sauti. Yule mtongozaji wa miaka yote ndiye aliyeshuka kwanza. "Siyo hivyo," akasema, akachukua jembe. Wakashuka wawili wengine. Kofia ni kitu kibaya kwa kuchimbia, zinajaa jasho na kuanguka machoni. Zikawekwa kwenye rundo moja juu ya ukuta, rangi zote zimechanganyika. Anicet alibaki na rundo hilo kwa muda. Mwisho hakuweza kuvumilia kwamba fundi gereji amemtangulia kwenye mapinduzi. Akavua ya kwake, akashuka.

Mgeni wa wizara alichelewa kama inavyostahili. Mbele ya ofisi alimkuta Komunike peke yake kwenye majani marefu, suti, tai, na jembe jipya lenye karatasi ya dukani. Kelele zilikuwa nyuma. Mgeni akazifuata, Komunike akamfuata mgeni, na walipozunguka ukuta wa bweni waliona nusu ya Gikondo ndani ya mfereji, na wanafunzi wa vyama vyote wakipokezana mawe.

"Umuganda wa kweli!" mgeni akasema. "Sijauona hivi kwa muda mrefu. Hongera sana, Bwana Mkurugenzi."

Komunike alifungua mdomo, akautazama mfereji, akautazama mdomo wa mgeni uliotoa ile hongera, na akaipokea.

"Na jengo hili ni la nini?" mgeni akauliza.

Sasa hapo mzee alikwama. Aseme bweni, kwa nini linafungwa? Aseme ghala, la nani? Watu wote waliacha kuchimba. Xavérine akatoka mferejini, tope hadi mashavuni.

"Ni bweni la wasichana, Mheshimiwa. Bwana Mkurugenzi alikuwa analifunga kwa sababu ya maji, kwa kutuhurumia. Halafu yeye mwenyewe akatuagiza tusafishe nyuma yake, muhuri upo. Sasa maji yamepata njia. Tunangoja tu atwambie, maana siku za hotuba ndizo hizi: baada ya Pasaka tunarudi?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeomba chumvi.

Komunike akatazama huku na huku. Mgeni alikuwa anatabasamu, Maneno ameshika jeki. Komunike akakohoa, na kama kawaida yake kikohozi kikawa komunike.

"Wanarudi," akasema. "Itatolewa leo."

Makofi yakapigwa. Mzee aliyapenda, nakiri, na alipungia watu mkono na jembe lake safi.

Jioni ile Anicet alikuwa na hasira kantini. "Sifa zote umempa yeye! Mfereji tumechimba sisi!"

"Mwache ashibe sifa," Xavérine akasema, mdomo umejaa maharage. "Mimi nina kitanda."

Mvua haikungoja Pasaka. Ilishuka siku chache baadaye, mchana kweupe, ile ya kuzima mazungumzo. Wasichana walisimama mlango wa nyuma wakitazama maji yanakuja kilimani, yanafika kwenye mfereji, yanasita, yanapinda. Gaudiose alikuwa ameshapandisha masanduku yao mawili kitandani kwa mazoea. Xavérine akalishusha la kwake, akaliweka sakafuni, pakavu, akalikalia.

Kisha akaenda ubaoni na chaki yake. "Jumamosi saa nne: mkutano wa wanafunzi wote. Ajenda: choo." Tukangoja komunike ya umuganda. Haikuja. Ijumaa, Xavérine mwenyewe akaenda ofisini kuuomba umuganda.

Alikataliwa kwa maandishi, na muhuri.