Waliopelekwa kwa Meli

Mwanangu wa pili alifungwa jela ya Kitale kwa kuiba ng'ombe wa jirani, tena ng'ombe wa maziwa, ndama wake bado ananyonya. Miaka mitatu. Mimi nilikuwa nyumbani Bungoma na binti yake, na nilisema mbele ya watu: huyo msinitajie. Mwaka na nusu sikwenda kumwona. Mtoto, ambaye huniita Kukhu, yaani bibi, aliniomba mara nyingi tumwendee baba yake, nikakataa. Wizi ni wizi.

Karo ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, kwa hiyo msichana alikuwa anasoma bila kufukuzwa, darasa la saba. Jioni moja tunapukuchua mahindi, ananisomea kitabu alichoazima shuleni. Ati zamani Waingereza walikuwa wanapakia wafungwa wao kwenye meli, wanawapeleka Australia, safari ya miezi.

"Waliiba nini?" nikauliza.

"Wengine kitambaa, Kukhu. Wengine kondoo."

"Kondoo mmoja?"

"Ndiyo. Miaka saba. Na ikiisha, nauli ya kurudi unajitafutia. Wengi hawakurudi."

Nikacheka. Wale wazungu wa mashamba ya Kitale, nikiwa msichana kibarua wao, walikuwa wanatupekua vikapu jioni wakituita wezi. Kumbe kwao pia walikuwepo! Halafu kicheko kikaisha.

"Na mama zao?"

Akapekua kurasa. "Hawajaandikwa, Kukhu."

Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili usipopatikana, tunakata mgomba tunauzika mahali pake. Tunalia, tunamaliza. Sasa wale mama walizika nini? Huwezi kumzikia mtu mgomba na yuko hai, yuko tu ng'ambo ya maji. Nilijikuta nimeshika gunzi tupu, nalisugua tu.

Mtoto aliniangalia. "Kukhu, si Kitale hakuna bahari?"

"Weka kitabu upukuchue mahindi."

Lakini Jumamosi nilimwambia avae viatu vya kanisani.

Kule jela askari alitupa dakika kumi. Mwanangu akaletwa, amekonda, amenyolewa kipara, macho chini. Mtoto aliyenisumbua mwaka mzima sasa amejificha nyuma ya gauni langu.

"Mayi," mwanangu akasema, "sikujua utakuja."

"Hata mimi sikujua."

Akazidi kuinama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali, na mengine niliyapanga tangu siku ya hukumu. Yote nikayaacha.

"Inua kichwa," nikamwambia. "Mtoto wako hajatoka Bungoma kuja kuangalia utosi wako."

Akainua. Alikuwa analia. Mtoto akatoka nyuma yangu, akaanza kumwambia habari za shule, upesi upesi, kama anayeogopa kengele. Nikasogea ukutani niwapishe.

"Mama, wewe huongei?" askari akaniuliza. "Dakika zinaisha."

"Hizo ni za mtoto," nikamjibu. "Mimi nitaongea mwezi ujao."