Kiti cha Mama Ernestine

Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, asubuhi Mama Ernestine alipita mbele ya nyumba yetu, pale mtaa wa Manika, na kiti juu ya kichwa. Alikuwa mutetezi wa watu ku tribinali, na alikuwa anaenda kwa mafundisho. Juji mumoja wa zamani alikuwa akifundisha maavoka, watetezi kama yeye, sheria mpya ya jamaa ndani ya sale ya paroasi, ukumbi wa kanisa: ndoa, talaka, na nani abaki na mutoto. Viti vya sale viliibwa wakati wa uporaji, basi kila avoka alikuja na chake.

Watu walimucheka.

“Mama, na mvi yote ile, bado unaenda masomo?”

“Sheria imebadilika, mi nibaki ya zamani? Nyamazeni, kiti kitaanguka!”

Mimi sikucheka. Nilikuwa na shida, na yeye ndiye alikuwa tumaini langu.

Mwaka ule watu wa Kasai walifukuzwa Kolwezi. Walitolewa kazini, wakatolewa manyumbani, wakalala ku gare wakingojea treni ya kuwapeleka kwa wazee wao, mahali wengi hawajapata kupaona. Bwana yangu, Tshilombo, alikuwa mutu wa Kasai. Mimi ni Muluba wa hapa Katanga. Alipanda treni ya kwanza bila kuniaga, kwa sababu kaka zangu walikuwa kati ya wale waliopiga kelele mbele ya mlango wake. Alimuachia dada yake neno: “Kuja na mutoto yangu.”

Dada yake ni Mushiya. Ndiye aliyempa binti yangu jina lake mwenyewe, na kwetu mwenye kukupa jina unamwita majina, naye anakuita majina. Tangu mutoto alianza kutembea, ilikuwa ni Majina asubuhi, Majina jioni. Nikipika bukari, ugali wetu, anakataa. Mushiya akikata tonge kutoka sahani ileile, anakula. Nilikuwa naona yote, nikinyamaza, moyo ukiwaka kama pilipili kwenye jicho.

Nikaenda kwa Mama Ernestine.

“Metre,” nikamwita kama tunavyoita maavoka, “sema tu ku tribinali ule mwanamuke ni wa Kasai. Siku hizi ile neno moja inatosha.”

Aliniangalia sana.

“Inatosha, ndiyo. Na kesho mutoto akiuliza nusu gani ya damu yake ni adui, utamujibu nini?”

Akavuta kiti chake, lakini hakukikalia.

“Posho ile ingine, ku mafundisho, tulicheza kesi, Mamie. Avoka mumoja alikuwa mama, mwingine baba. Mi, juji aliniambia: ‘Ernestine, wewe ni mutoto. Kaa chini.’ Nikakaa chini, na mikoba yangu. Walipiga domo juu ya kichwa yangu mpaka saa ya kula. Hakuna aliyeniangalia. Twende ku gare kwa ule mwanamuke, na mutoto.”

Tulimukuta Mushiya kando ya reli, chini ya hema ya viraka. Mutoto wangu aliniponyoka mkononi.

“Majina! Majina!”

Akamrukia. Nilitaka ardhi inimeze, ama immeze Mushiya.

“Mulamu,” Mushiya akaniambia, “kaka yangu alilipa mali ya ndoa kwenu. Mutoto ni wa kwetu.”

“Na maziwa, alilipa nani?”

“Maziwa yako, ndiyo. Na mgongo? Wakati ulilala hospitali na mguu umevimba, alibebwa na mgongo ya nani?”

Mama Ernestine hakutukataza. Alikaa chini kwenye changarawe, nguo yake nzuri na yote, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mutoto. Akamsikiliza akipumua. Mutoto alikuwa na kikohozi. Kisha akauliza polepole, bila kuinua macho:

“Mama Mushiya, mutasafiri ndani ya nini?”

“Vagoni ya mizigo. Ile ya wazi.”

“Na batoto wa hapa, wanaendelea namna gani?”

Mushiya alikuwa akimpapasa mutoto nywele.

“Surua,” akasema. “Jana tulizika wa jirani.”

Halafu Mushiya akamtoa mutoto shingoni mwake, kidole kimoja kimoja, akamuweka miguuni mwangu.

“Abaki. Lakini jina langu musimuvue. Nasikia kwenu wanamuita Mignonne sasa.”

Ilikuwa kweli, mama yangu aliona ni salama zaidi kuliko jina la Kasai.

“Atabaki na jina Mushiya,” Mama Ernestine akasema. “Na mpaka treni iondoke, Mamie atamuleta hapa kila siku. Mamie, umesikia?”

Nilisikia. Nilimpeleka kila siku, nikakaa pembeni nikiwatazama wakicheka, na kila siku nikirudi nilikuwa nimeumia upya.

Treni ilipokuja, Mushiya alipanda akatugeuzia mgongo ili mutoto asimuite. Lakini mutoto aliita, akalia mpaka sauti ikakatika. Magurudumu yakaanza kugeuka. Nikapita kati ya watu, nikamuinua mutoto juu ya kichwa changu.

“Mulamu! Geuka! Majina yako anakuita!”

Akageuka. Mutoto akamuchekea kicheko ambacho mimi mama yake sijawahi kupewa. Mikono iliniuma, na nikaendelea kumuinua.